Soma Kikwembe Mbele ya Kukikata



Juma hili tunaweka kando mambo ya madaftari na likizo za watoto, tunaongea juu ya nguo. Hatutaongea juu ya modeli mpya zinazobandikwa ukutani kwa mafundi. Hizo mnazijua kutushinda. Tunataka kuongea juu ya jambo linalogombanisha vikundi vyetu kila mwaka tarehe 8 Machi inapokaribia: tununue kikwembe gani, kishonwe namna gani, na nani atakuwa na uwezo wa kukivaa.

Mnajua inavyokuwaga. Wamama watatu wanatumwa soko la Kadutu, au wanapita Nyawera. Wanarudi na kikwembe kizuri sana, maua makubwa kama sahani, na kikundi kizima kinapiga makofi. Kisha kila mmoja anapeleka chake kwa fundi, na hapo maneno yanaanza. Mama mmoja anaambiwa, "Mama, pesi moja haitoshi kwa modeli hii." Mwingine alinunua nusu tu, kwa sababu nusu ndiyo aliyoweza. Wa tatu anakuta ua limekatika katikati ya kifua, nusu huku na nusu kule, kama sahani iliyovunjika. Siku ya sherehe ikifika, wawili watatu hawaonekani. Wanatuma salamu kwamba mtoto ana homa. Sisi wote tunajua mtoto hana homa.

Watu wanasema hiyo ni shida ya pesa. Ni kweli, lakini si pesa peke yake. Sehemu kubwa ya shida hiyo iliamuliwa sokoni, pale tulipochagua maua bila kuyasoma. Mabinti wanaosoma ukataji na ushonaji shuleni wanafundishwa kwamba nguo ina vitu vyake vya msingi: mstari, umbo, rangi, maua, na namna kitambaa kinavyoguswa na kuanguka. Wanafundishwa pia kanuni zinazopanga vitu hivyo, kama vile uwiano na mizani. Wanayaandika vizuri kwenye daftari. Mama anayenunua ndiye anayeyahitaji kwanza, kwa sababu yeye ndiye anayetoa franga.

Tuanze na hesabu, maana kikwembe kwanza ni hesabu. Pesi moja ni yadi 6, yaani mita 5 na nusu hivi. Upana wake ni karibu mita 1 na sentimita 20. Mama zetu waliigawanya mara tatu, yadi mbili mbili: kikwembe kimoja cha kushona libaya, kimoja cha kufunga, na kimoja cha kuongeza juu kiunoni au kubebea mtoto. Mgawanyo huo una akili nyingi. Vikwembe viwili kati ya vitatu havikatwi hata kidogo, vinabaki mzima. Vinaweza kurudi sandukuni, vinaweza kupewa binti siku ya ndoa yake, vinaweza hata kuuzwa siku ya taabu. Libaya peke yake ndiyo inayokutana na mkasi. Kanzu ndefu ya siku hizi, inayobana kiunoni na kufunguka chini kama kengele, inakula pesi nzima, na mabaki yake hayatoshi hata kufunikia mkate. Hatusemi isishonwe. Tunasema ijulikane mbele ya kununua kwamba ukichagua umbo la nguo umechagua pia idadi ya yadi.

Sasa maua. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo vikundi vingi vinapopoteza pesa.

Ukishika kikwembe sokoni, kifungue chote, usikiangalie kikiwa kimekunjwa. Mwuzaji atanung'unika, mwache anung'unike, kisha atakukunjia tena. Tafuta ua moja, kisha shuka chini na macho mpaka ukutane na ndugu yake, ua lile lile kabisa. Pima kati yao kwa shubiri. Umbali huo ndio mrudio wa maua. Ukiwa mdogo, shubiri moja au chini yake, fundi anaweza kukata karibu popote na maua yatakutana bila hasara. Ukiwa mkubwa, shubiri tatu, jambo linabadilika.

Tuchukue mfano wa namba. Kanzu ya kawaida ina kipande cha mbele na kipande cha nyuma, kila kimoja sentimita 140. Ukivikata kimoja baada ya kingine vinachukua sentimita 280. Lakini kama mrudio wa maua ni sentimita 60, na unataka maua ya mbele na ya nyuma yakutane ubavuni, kipande cha pili hakiwezi kuanzia pale cha kwanza kilipoishia. Lazima kianzie pale ua linapoanza tena, kwenye sentimita 180. Utaishia 320. Sentimita 40 zimebaki katikati. Fundi mwenye akili atazitumia kwa kola, mifuko, pengine mikono, lakini mikono hiyo itabeba maua yatakayoangukia pale yatakapoangukia. Fundi asiye na akili atazitupa kwenye kapu la vitambaa, au ataanza tu kukata bila kujali, na ubavu wako utakuwa na nusu ya samaki inayotazamana na nusu ya kinu.

Kisha uliza swali la pili: je, maua haya yana kichwa na miguu? Kuna kikwembe ambacho ukikigeuza juu chini hakibadiliki: majani yaliyotawanyika, nukta, duara, mistari ya msukosuko. Kuna kingine chenye ndege waliosimama, chupa, taa, vibuyu. Fundi akitaka kuokoa kitambaa anageuza vipande, kimoja kichwa juu, kingine kichwa chini, kama samaki katika mkebe, na hivyo sketi ya vipande vingi inatoka kwenye yadi chache. Kwa maua yasiyo na kichwa hakuna atakayejua. Kwa ndege, nusu yao watakuwa wanaanguka kutoka mbinguni. Kwa hiyo kikwembe chenye kichwa na miguu kinadai kitambaa zaidi, na anayeumia kwanza ni mama mwenye mwili mkubwa, kwa sababu vipande vyake ni vipana na havina nafasi ya kuchezea.

Ndiyo maana sisi tunasimama upande huu bila kuyumba: kwa sare ya kikundi, chagueni maua ya wastani au madogo, yasiyo na kichwa wala miguu. Maua makubwa ni mazuri kwa mtu mmoja anayejua anachoshona, mwenye pesi yake mzima na fundi mvumilivu. Kwa wamama arobaini wenye miili arobaini na mifuko arobaini, maua makubwa yanatenganisha watu.

Kuna kikwembe kimoja ambacho hatuwezi kufuata kanuni hiyo, nacho ni kile kilichopigwa picha. Tunavyo vingi: kikwembe cha yubile ya parokia, kikwembe cha 8 Machi chenye duara na maandishi, kikwembe chenye sura ya Mama Maria, au ya Anuarite, dada yetu aliyetangazwa Mwenye Heri Kinshasa mwaka 1985. Picha ya namna hiyo ndiyo kitovu cha macho. Mtu akikutazama, jicho linakwenda pale kwanza, upende usipende. Basi usimwachie fundi aamue mahali pa kitovu hicho. Tumewaona watakatifu wakikaliwa kwenye viti vya kanisa Misa nzima. Tumeona maduara mawili makubwa yakiwekwa kifuani sawasawa, kulia na kushoto, mama anakuja kama gari lenye taa mbili. Mizani ipo, hatukatai, lakini si mahali pake.

Chukua chokaa, shikilia kitambaa mwilini mbele ya kioo, au mbele ya dada anayekwambia ukweli. Weka alama: picha moja katikati ya kifua juu, au moja mgongoni kati ya mabega. Kwa kikwembe cha kufunga, picha ianguke mbele juu ya goti, upande ambao ncha ya kitambaa inafunikia. Pale pa kukalia pawe na eneo la maua matupu. Hata ukipoteza nusu yadi kwa kupanga hivyo, umeiokoa heshima, na zilizobaki zitatoa kitambaa cha kichwa.

Juu ya mistari tutasema machache, kwa sababu imesemwa mengi mno. Kila mama amesikia kwamba mistari ya kusimama inarefusha na mistari ya kulala inanenepesha. Mama mnene anakatazwa mistari ya kulala kama vile anakatazwa chumvi. Sasa, huko Ujerumani katika karne ya 19 kulikuwa na mwanasayansi mkubwa wa mambo ya jicho, jina lake Hermann von Helmholtz. Alichora miraba miwili iliyo sawa kabisa, mmoja ameujaza mistari ya kulala, mwingine mistari ya kusimama. Watu wengi wakiitazama wanaona mraba wa mistari ya kulala ndio mrefu na mwembamba zaidi, na ule wa mistari ya kusimama ndio mpana. Mnaweza kujaribu na watoto nyumbani kwa rula na kalamu. Mwili si mraba, tunajua. Una vilima na mabonde, na mstari mpana wenye rangi kali una mambo yake. Lakini inatosha kutuonyesha kwamba amri hiyo si amri. Tuache kuwanyima dada zetu kitambaa wanachokipenda kwa ajili yake.

Jambo lenye nguvu kuliko mstari wa maua ni mahali nguo inapoishia. Ukingo wa libaya ni mstari pia, tena ndio mstari unaoonekana kuliko yote, kwa sababu hapo nguo moja inakoma na nyingine inaanza. Libaya ikiishia pale nyonga zilipo pana kuliko popote, ni kama umechora mstari kwa chokaa na kuandika "tazameni hapa". Ipandishe vidole vinne, au ishushe vidole vinne, na mwili ule ule unabadilika. Ni hivyo pia kwa mikono: ikiishia sawa na kifua, jicho linaunganisha mkono na kifua kuwa kitu kimoja kipana. Ishushe karibu na kiwiko.

Na urefu wa libaya ukilinganishwa na urefu wa kikwembe, huo ndio unaoitwa uwiano. Nguo inayokata mwili nusu kwa nusu inaonekana nzito, ni kama nyumba yenye paa refu sawa na kuta. Libaya fupi kiasi juu ya kikwembe kirefu, sehemu moja juu na mbili chini, inampa mama mfupi miguu. Mama mrefu anaweza kugeuza: libaya ndefu inayopita nyonga, kikwembe kikionekana kidogo chini. Hapa mita haihitajiki. Kioo kinatosha, na kuvuta libaya juu na chini huku unajitazama.

Tuje kwenye rangi, na tuna habari ya kweli ya kuwapa. Miaka mia mbili hivi iliyopita, huko Paris, kulikuwa na kiwanda cha serikali cha kufuma mazulia ya ukutani, kinaitwa Gobelins. Mwaka 1824 mtaalamu wa kemia, Michel-Eugène Chevreul, aliwekwa kuwa mkuu wa idara ya kutia rangi. Alikuta malalamiko: nyuzi nyeusi hazina nguvu, zimefifia. Alipima dawa, akalinganisha nyuzi na za viwanda vingine. Nyuzi zilikuwa nzuri kabisa. Mwishoni aligundua kwamba ubaya ulitoka kwa jirani: weusi ule uliwekwa kando ya bluu na zambarau, nazo ndizo zilizouonyesha kuwa dhaifu. Aliandika kitabu kikubwa juu ya jambo hilo mwaka 1839, na wachoraji wa Ufaransa walikisoma sana.

Kwa hiyo, mama, unaposema rangi fulani "inakataa ngozi yangu", pengine haikatai. Angalia jirani yake. Rangi iliyo karibu na uso ndiyo inayosema na uso. Rangi ya chini kwenye vikwembe iko mbali, haina neno sana. Kama kikwembe cha kikundi ni cha kijani kilichokolea na unaona kinakuzeesha, usikigombeze. Shona kola nyeupe au ya njano, au funga kitambaa cha kichwa chenye rangi nyingine iliyomo ndani ya maua yale yale. Vidole vinne vya rangi shingoni vinatosha. Na usichague rangi chini ya taa ya duka. Omba kutoka nayo mlangoni kwenye jua. Mwuzaji mwema atakuacha; asiyekuacha, mwulize sababu.

Kuna wanaopenda kikwembe cheupe kwa ajili ya sherehe. Kinapendeza, hatubishani, lakini fikirini pia wamama wanaoshuka kwa miguu kutoka mlimani wakati wa mvua za Machi.

Mguso wa kitambaa tutaupitia haraka. Geuza nyuma: waksi ya kweli inapakwa utomvu pande zote mbili mbele ya kutiwa rangi, kwa hiyo rangi inaonekana karibu sawa mbele na nyuma. Kile kilichochapwa upande mmoja tu kina mgongo uliofifia. Si kibaya kwa sababu hiyo, bei yake ndiyo inapaswa kuwa ndogo. Vuta uzi mmoja ukingoni na uuchome kwa kiberiti: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini, nailoni na ndugu zake zinayeyuka na kuacha kitu kigumu kama ushanga. Kitambaa kinachoyeyuka kinabana joto, na mama anayenyonyesha mtoto mgongoni na kifuani kutwa nzima atakijua vizuri. Pamba nayo inaweza kurudi kidogo ikifuliwa. Itumbukize majini usiku mmoja na uikaushe mbele ya kuipeleka kwa fundi, hasa kama libaya inabana.

Tukisema waksi ni ya kwetu, tunasema kweli na si kweli. Ni ufundi wa watu wa Java, ambao Waholanzi waliuiga kwa mashini. Kiwanda cha Vlisco kule Helmond kilianza mwaka 1846 na kinafanya kazi mpaka leo. Hata nchi yetu ilikuwa na viwanda vyake: Kalemie kulikuwa na Filtisaf, Kisangani Sotexki. Kilichokuwa chetu tangu mwanzo ni kufunga na kushona, yaani umbo. Fikirini mama zetu wakati wa Zaire, miaka ya 1970, wakati wanaume walivaa abakosti na wanawake walikatazwa suruali. Wote walikuwa katika vikwembe. Je, walifanana? Hapana hata kidogo. Mmoja alikuwa na mikono yenye puto, mwingine shingo ya mraba, mwingine marinda kiunoni, na kila mmoja alifunga kikwembe cha juu kwa namna ambayo ungemtambua akiwa bado mbali barabarani. Kitambaa kilikuwa kimoja, na kila mwili ulitafuta umbo lake.

Na hapo ndipo tunapotaka vikundi vifike. Umoja wa nguo hauhitaji kila kitu kifanane. Jicho linahitaji kitu kimoja kinachorudi-rudi kutoka mtu mmoja kwenda mwingine, kama vile kiitikio kinavyorudi katika wimbo. Kitu hicho kinaweza kuwa kikwembe kizima, lakini kinaweza pia kuwa kidogo zaidi. Tunapendekeza ngazi tatu, na kikundi kiziandike wazi kwenye daftari la mkutano, ili anayechukua ngazi ya chini asiombe msamaha kwa mtu yeyote.

Mwenye uwezo anunue pesi yake na ashone anavyotaka. Mwenye uwezo wa kati anunue yadi mbili, kikwembe cha kufunga tu, na juu yake avae libaya au blauzi nyeupe ambayo tayari anayo. Asiye na uwezo kwa mwaka huu apate kitambaa cha kichwa. Hesabu yake ni hii: ukikata pesi moja mara tatu kwa urefu, yadi mbili mbili, kisha kila kikwembe ukikipasua katikati ya upana, unapata vitambaa sita vya kichwa, kila kimoja na upana wa sentimita 60. Pesi moja inawavisha wamama sita. Wamama kumi na wawili ambao wangebaki nyumbani wanahitaji pesi mbili tu, na kikundi chenye sanduku lake la akiba kinaweza kuzinunua bila kumlipisha mtu. Wakisimama pamoja na wengine kwenye picha, blauzi nyeupe, kitambaa kile kile kichwani, hakuna atakayehesabu yadi.

Kwa ajili hiyo, siku ya kuchagua, msimpe neno la kwanza mwenyekiti wala yule mwenye duka. Aulizwe kwanza kila mama, kwa siri kama inafaa, kwenye kikaratasi: pesi, yadi mbili, au kitambaa? Mkijua idadi mbele ya kwenda sokoni, mtanunua kwa jumla na bei itashuka. Mkinunua kwanza na kuuliza baadaye, mmeshawafungia mlango wale wale tuliowataja.

Neno lingine juu ya modeli. Viko vikundi vinavyolazimisha wote washone kanzu moja, yenye zipu mgongoni, inayobana. Tunawaomba muache. Mwili wa mama haukai mahali pamoja. Leo ana mimba, mwakani ananyonyesha, mwaka wa tatu amepungua kwa ugonjwa au amenenepa kwa raha. Kikwembe cha kufunga kinamfuata katika hali zote hizo bila fundi. Libaya yenye vifungo mbele inamruhusu kunyonyesha kanisani bila kuvuliwa nusu. Kanzu ya zipu inamtosha mwaka mmoja, kisha inakwenda kwa mdogo wake. Ukiishona kwa kupenda mwenyewe, mwambie fundi aache vidole viwili vya kitambaa ndani ya kila ubavu na vinne kwenye pindo. Mafundi hawapendi, wanasema mshono unakuwa mzito. Simama naye pale anapokata.

Na ukimpelekea fundi kazi, usimpe picha peke yake. Picha inamwonyesha umbo la mtu mwingine. Mpelekee libaya yako ya zamani, ile inayokukaa vizuri kuliko zote, na umwambie: "Papa fundi, mabega na kiuno yawe kama hii, shingo ndiyo tunabadilisha." Atakuelewa mara moja, na ataacha kukisia.

Kwa vikundi vilivyokwisha kukubaliana juu ya 8 Machi: vitambaa vifike kwa mafundi kabla ya mwisho wa Januari. Mwezi wa pili kila fundi ana rundo la vikwembe mpaka dirishani, umeme unakatika, na anashona usiku kwa taa ya telefone. Maua ya nani yatakutana ubavuni katika hali hiyo?

Juma lijalo tutaendelea na nguo za watoto: namna ya kukata sketi ya shule ya msichana ili pindo lake lishushwe mara mbili mbele ya kununua nyingine. Wenye sketi za zamani zilizochakaa, mzilete kwenye mkutano. Tutazifumua pamoja.